Kemikali na mawasiliano ya seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu kemikali zinazoingia mwilini kutoka shambani, jikoni, kwenye duka la vipodozi na kwenye karakana, na namna zinavyovuruga ujumbe unaopita kati ya seli na seli. Si kila sumu imetajwa. Tumekaa zaidi kwenye zile ambazo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukutana nazo na ambazo utendaji wake umechunguzwa vya kutosha. Aliye na mgonjwa aliyekunywa au kumwagikiwa dawa ya wadudu asisome kwa mpangilio; aende moja kwa moja kwenye swali la huduma ya kwanza.

Seli huwasiliana kwa njia gani?

Seli ya kongosho haina budi kuijulisha seli ya msuli kwamba sukari imepanda kwenye damu, na neva ya uti wa mgongo haina budi kuuamuru mguu uinuke. Ujumbe wa namna hiyo hupita kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni homoni, ambazo tezi huzimwaga kwenye damu zikaenda mbali. Ya pili ni kemikali za neva, ambazo huruka nafasi nyembamba mno iliyopo kati ya ncha ya neva moja na seli inayofuata, nafasi iitwayo sinapsi. Ya tatu ni vijia vidogo vinavyounganisha seli jirani moja kwa moja, ambavyo hupitisha chembe ndogo kutoka seli moja hadi nyingine bila kutoka nje.

Kwamba neva hutumia kemikali lilikuwa jambo la kubishaniwa hadi mwaka 1921, wakati Otto Loewi, akifanya kazi mjini Graz nchini Austria, alipochukua mioyo miwili ya vyura ingali inadunda. Aliichochea neva inayopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, kisha akayachukua maji ya chumvi yaliyokuwa ndani ya moyo huo na kuyatia kwenye moyo wa pili, ambao neva yake ilikuwa imeondolewa. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo. Kilichobeba amri hiyo kilikuwamo ndani ya maji, nacho baadaye kilitambuliwa kuwa ni asetilikolini. Loewi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Kemikali kutoka nje huingiliaje mawasiliano hayo?

Juu ya seli au ndani yake kuna vipokezi, na kila kipokezi kina umbo linalokubaliana na ujumbe wake kama kitasa kinavyokubaliana na ufunguo wake. Kemikali ya kigeni inaweza kuwa na umbo linalokaribiana na ufunguo huo. Ikiingia na kuzunguka, seli hutii amri ambayo mwili haukuitoa. Ikiingia na kukwama, amri ya kweli hukosa pa kuingilia. Kemikali nyingine hazigusi kipokezi kabisa: huzuia tezi kutengeneza homoni, au huzuia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, vinavyouondoa ujumbe ukishafika, au huziba vile vijia vya seli jirani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hali zote hizi seli inaweza kuwa hai na nzima ikitazamwa kwa hadubini. Hilo ndilo linalofanya madhara haya yachelewe kutambuliwa, kwa sababu mazoea yetu ni kufikiria sumu kuwa kitu kinachoua au kuunguza.

Wala kuingilia mawasiliano si jambo la sumu peke yake. Kafeini ya kwenye kahawa hukaa juu ya vipokezi vya adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, na ndiyo maana kikombe cha jioni humfukuzia mtu usingizi. Nikotini ya tumbaku huiga asetilikolini. Dawa nyingi za hospitalini nazo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, tofauti ikiwa ni kipimo, muda na usimamizi.

Kwa nini dawa iliyotengenezwa kuua wadudu humdhuru mtu pia?

Kwa sababu mdudu na mtu wanatumia kemikali ileile ya neva. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, kama klorpirifosi, dimethoeti na profenofosi, na vile vya kundi la kabameti, vyote hulenga kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuvunja asetilikolini mara tu inapomaliza kutoa ujumbe, na molekuli yake moja inaweza kuvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Bila kimeng'enya hicho, ujumbe haukomi. Msuli uliokwisha kuamriwa kukaza unaendelea kuamriwa kukaza hadi unachoka na kulegea; tezi iliyoamriwa kutoa mate haipumziki.

Ukiujua utaratibu huo, dalili za mgonjwa zinajieleza zenyewe: mate yanachuruzika, machozi yanatoka, jasho linamiminika, anatapika, anaharisha, anajikojolea, mboni za macho zinasinyaa zikawa kama nukta, kifua kinajaa kamasi na misuli midogo ya kope na mashavu inachezacheza. Akizidiwa hupata degedege. Kinachoua kwa kawaida ni pumzi: mapafu yamejaa majimaji, misuli ya kupumua imechoka na sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji imezimika.

Undugu wa dawa hizi na silaha za kivita haukutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1936 mkemia wa Kijerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta kiuatilifu kipya alipotengeneza tabuni, ambayo iligeuzwa kuwa gesi ya vita. Sarini, iliyotumiwa kuwashambulia abiria wa treni za chini ya ardhi jijini Tokyo mwaka 1995, ni ya ukoo huohuo na inashambulia kimeng'enya hichohicho.

Shambani, sumu hizi huingia kwa ngozi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki au wa Mwea anaweza kuziba pua kwa kitambaa na kujiona amejikinga, huku kifuniko cha bomba la mgongoni kinavuja na dawa inachuruzika ndani ya shati hadi kiunoni, ambako inakaa pamoja na jasho hadi jioni. Wapo pia wanaozibua nozeli kwa kuipuliza kwa mdomo. Hilo halifai kufanywa hata mara moja. Nozeli huzibuliwa kwa maji na brashi laini.

Mtu akinywa au akimwagikiwa dawa hizo, afanyiwe nini kabla ya kufika hospitali?

Aondolewe mahali penye dawa, avuliwe nguo zote zilizolowa, kisha aoshwe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na chini ya kucha. Anayemwosha avae glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu sumu hiyo itampitia yeye vilevile. Macho yaliyoingiwa na dawa yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mgonjwa asiyejitambua alazwe kwa ubavu wa kushoto. Asitapishwe, maana dawa nyingi huyeyushwa ndani ya mafuta yanayofanana na ya taa, na yakiingia kwenye mapafu wakati wa kutapika huongeza janga la pili. Chupa au paketi yenye lebo iende pamoja naye, kwani daktari anayejua ni oganofosfeti au kabameti anajua aanzie wapi.

Hospitalini atapewa atropini, ambayo inaziba baadhi ya vipokezi vya asetilikolini ili wingi wa ujumbe usisikike, na dozi hurudiwa hadi mapafu yakauke. Kwa oganofosfeti kuna pia pralidoksimu, inayoweza kuibandua sumu kutoka kwenye kimeng'enya. Ila muunganiko wa sumu na kimeng'enya hukomaa kadiri saa zinavyopita, na ukishakomaa haubanduki tena, hivyo mwili unabaki kusubiri utengeneze vimeng'enya vipya. Kucheleweshwa kwa mgonjwa nyumbani kuna gharama hiyo.

Je, maziwa hayaondoi sumu?

Hapana. Maziwa hayana uwezo wowote wa kukifungua kimeng'enya kilichozibwa, na mgonjwa aliyelegea anaweza kupaliwa nayo. Imani hii ni ya zamani na inatolewa kwa nia njema kabisa, lakini imewapotezea wengi muda waliouhitaji njiani kwenda hospitali. Hali ni hiyohiyo kwa mafuta ya kula, mayai mabichi na maji ya mkaa uliosagwa nyumbani.

Kama viuatilifu vinashambulia neva, chandarua chenye dawa ni salama?

Ni salama, na sababu inafaa kuelezwa. Dawa kuu ya kwenye vyandarua ni ya kundi la pairethroidi, lililoigwa kutoka kwenye maua ya pareto yanayolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Pairethroidi huzuia vilango vya sodiamu vya neva visifunge, hivyo neva ya mbu hupiga kelele mfululizo hadi mbu anaanguka. Vilango vya binadamu havinaswi kwa urahisi huo, mwili wetu una joto ambalo hupunguza nguvu ya dawa, na ini huivunja haraka. Chandarua kipya kinaweza kuwasha ngozi au kufanya uso uchonyotechonyote kwa muda, ndiyo maana hushauriwa kianikwe kivulini kwanza. Ukilinganisha na malaria, hesabu iko wazi.

Paka ni suala jingine. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo vizuri, na dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa inaweza kumuua.

Vumbi jeupe au la manjano linaloonekana kwenye nyanya sokoni ni nini?

Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu, na mojawapo ya zinazotumika sana ni mankozebu. Muuzaji mwingine huliacha makusudi kwa kuwa linaonyesha kwamba nyanya imetoka shambani karibuni na haitaoza upesi. Mankozebu yenyewe haiui mtu kwa haraka kama oganofosfeti, lakini ikivunjika hutoa dutu inayoitwa ETU, ambayo huzuia tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, kutengeneza homoni zake. Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiidhinisha mwishoni mwa mwaka 2020, na uvurugaji wa homoni ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kuna jambo ambalo mpishi anapaswa kulijua: joto la kupikia hugeuza sehemu ya mankozebu iliyobaki kuwa ETU. Kwa hiyo kusema kwamba "itaungua kwenye moto" ni kinyume cha mambo yalivyo. Nyanya zioshwe kwa maji yanayotiririka huku zikisuguliwa kwa mkono, kabla ya kukatwa, si baada. Kuosha kunaondoa kilicho juu ya ganda tu. Kilichoingia ndani kinazuiwa na mkulima mwenyewe, kwa kuheshimu siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, na hapa ndipo soko linapomponza, kwa sababu bei ikipanda leo hakuna anayetaka kusubiri wiki.

Kemikali zinazovuruga homoni ni zipi, na ushahidi wake ulitoka wapi?

Jina la pamoja la kemikali hizi, vivuruga homoni, lilikubaliwa na wanasayansi waliokutana Wisconsin, Marekani, mwaka 1991 kwa mwito wa mwanazuolojia Theo Colborn, lakini funzo kubwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kupatikana miaka 20 nyuma, tena kwa dawa iliyoandikwa na madaktari.

Mwaka 1938 timu ya Charles Dodds nchini Uingereza ilitengeneza estrojeni, yaani homoni ya kike, ya maabara iliyoitwa DES. Ilikuwa rahisi, ilimezwa kama kidonge, na wajawazito wa Marekani na Ulaya waliandikiwa kwa matumaini kwamba ingezuia mimba kuharibika. Wanawake hao hawakuona tatizo, na watoto walizaliwa wakionekana wazima. Kisha mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston waliripoti wasichana na wanawake vijana 8 waliopata saratani ya uke ya aina ambayo huwa nadra sana katika umri huo. Mama 7 kati ya 8 walikuwa wametumia DES wakiwa na mimba zao. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe tena na wajawazito. Baadaye ilibainika kwamba mabinti waliopitia dawa hiyo tumboni walikuwa na matatizo zaidi ya maumbile ya mfuko wa uzazi, ya kutoshika mimba na ya kujifungua kabla ya wakati.

Tukio hilo lilibadilisha namna ya kufikiri. Lilionyesha kwamba kondo la nyuma si ukuta, kwamba ujumbe wa uongo ukitolewa wiki ambazo kiungo kinaundwa huacha alama ya kudumu, na kwamba madhara yanaweza kusubiri hadi mtoto abalehe. Mama aliyemeza vidonge na binti aliyeugua walitenganishwa na karibu miaka 20, na kama saratani ile ingekuwa ya kawaida, huenda kiungo kati ya mambo hayo mawili kisingeonekana kamwe.

Inawezekanaje kiasi kidogo mno kuwa na athari?

Homoni zenyewe hufanya kazi kwa viasi vidogo mno. Estrojeni ya asili kwenye damu hupimwa kwa pikogramu katika mililita moja, na pikogramu moja ni sehemu ya trilioni ya gramu. Mwili uliozoea kusikiliza sauti ya chini kiasi hicho unaweza kusikia pia sauti ya kigeni.

Hata hivyo, uangalifu unahitajika hapa, kwa kuwa kemikali nyingi zinazoiga homoni zina nguvu ndogo sana zikilinganishwa na homoni halisi, na wanasayansi wanabishana kwa haki kabisa kuhusu kiasi kipi kina maana. Mfano ni bisfenoli A, yaani BPA, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu na utando wa ndani ya makopo ya chakula. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000 kutoka kile cha awali. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, haikukubaliana na hesabu hiyo. Anayekuambia kwamba jambo hili limekwisha, kwa upande wowote, anakupunja.

Basi tuache plastiki?

Yapo mambo machache yenye maana kuliko kuogopa kila chombo. Chakula cha moto na chenye mafuta huvuta viungio vya plastiki kuliko chakula baridi, kwa hiyo chai isitiwe kwenye mfuko, na wali usifunikwe kwa nailoni ndani ya sufuria iliyo motoni. Jani la mgomba linafanya kazi hiyo vizuri tangu zamani. Haki itendeke: nailoni ya kawaida ya mfuko haitengenezwi kwa BPA. Hofu yake inatokana na rangi, viungio vingine na plastiki iliyorudiwa kutengenezwa bila kujulikana ilitokana na nini.

Risiti zinazotoka kwenye mashine za kielektroniki huchapwa kwa joto juu ya karatasi ambayo mara nyingi imepakwa BPA au ndugu yake BPS. Mteja anayeshika risiti moja hana la kuhofia sana. Karani wa duka anayezishika siku nzima, hasa baada ya kupaka losheni au kitakasa mikono, anafaa kunawa kwa sabuni kabla ya kula.

Kuchoma plastiki uani ni jambo baya zaidi kuliko yote mawili, hasa mabomba na nyaya za plastiki ya PVC, kwa kuwa moto wa namna hiyo hutoa sumu iitwayo daioksini. Daioksini hushika kipokezi kilicho ndani ya seli na kuwasha jeni nyingi ambazo hazikupaswa kuwaka, na aina yake kali kuliko zote huchukua miaka 7 au zaidi kupungua nusu mwilini.

Mkorogo una uhusiano gani na haya yote?

Uhusiano ni wa moja kwa moja, na pengine hakuna mahali ambapo mawasiliano ya seli huvurugwa kwa hiari kama hapa. Mkorogo, yaani krimu kadhaa zinazochanganywa ili kung'arisha ngozi, kwa kawaida una kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali kama klobetasoli. Viwili vya kwanza huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya rangi ya buluu iliyofifia ambayo hayaondoki kirahisi. Zebaki hupenya ngozi na kwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa wakivuja protini kwenye mkojo na kuvimba mwili, na zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu baada ya kuziacha. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata mwanya huo ifikapo 2025.

Steroidi inastahili maelezo marefu zaidi. Klobetasoli huiga kortisoli, homoni inayotolewa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Ubongo hupima kortisoli iliyopo kwenye damu na, ukiona ni nyingi, huacha kuziamuru tezi hizo. Mtu akijipaka krimu kali mwili mzima kila siku kwa miezi, ubongo hudanganyika kuwa kortisoli inatosha, amri hukoma, na tezi zisizoamriwa husinyaa. Wakati huohuo uso unakuwa wa duara, ngozi inakuwa nyembamba na yenye michirizi, presha na sukari vinapanda. Hatari nyingine huja siku krimu inapoisha au mtu anapoamua kuacha kwa ghafla: tezi zilizolala haziamki siku hiyohiyo, na mtu anaweza kupata udhaifu mkubwa, kutapika, presha kushuka na hata kuzimia. Kwa hiyo tunamshauri aliyetumia kwa muda mrefu aende kwa daktari, aseme ukweli wote bila aibu, na apunguziwe kwa utaratibu.

Kuhusu vipodozi vyenye lebo isiyotaja viungo, au vinavyopimwa kutoka kwenye ndoo, hakuna namna ya kuvitumia kwa usalama.

Madini ya risasi huudhuru vipi ubongo wa mtoto?

Ujumbe wa neva ukifika kwenye ncha, kalisiamu huingia ndani ya ncha hiyo, na kuingia kwake ndiko kunakoruhusu kemikali ya neva kumwagwa kwenye sinapsi. Risasi hufanana na kalisiamu kiasi cha kupita milango yake. Ikiwa nje huizuia kalisiamu isiingie pale inapohitajika. Ikiwa ndani husababisha kemikali imwagike bila amri. Ujumbe wa kweli unapungua na kelele zinaongezeka. Tena huziba vipokezi ambavyo ubongo huvitumia kujifunza na kukumbuka, na yote hayo hutokea katika miaka ambayo ubongo wa mtoto unachagua ni miunganiko ipi ibaki na ipi ikatwe. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, naye ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa mwaka 2005. Vyanzo vilivyobaki ni rangi za nyumba, sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, na zaidi ya yote betri za magari. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, watoto wakaugua na mimba zikaharibika. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi, aliongoza harakati zilizompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Je, vitu vya asili havina tatizo hili?

Vinalo. Muhogo mchungu una dutu inayotoa sianidi, na mwili hujiokoa kwa kuigeuza sianidi kuwa thiosianeti. Thiosianeti nayo hugombania mlango mmoja na madini joto kwenye tezi ya thairoidi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, limeenea sana kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa upungufu wa madini joto ulikuwa karibu sawa pande zote. Muhogo ulikuwa sehemu ya jibu. Kuloweka, kuchachusha na kuanika vizuri huondoa sehemu kubwa ya sianidi, na chumvi yenye madini joto huiwezesha tezi kufanya kazi, jambo lenye uzito wa pekee kwa mjamzito, kwani ubongo wa mimba changa hutegemea homoni ya thairoidi ya mama.

Kuvurugika kwa mawasiliano kunaweza kuleta saratani?

Njia moja iliyochunguzwa ni ile ya vijia vya seli jirani. Seli zilizounganishwa huzuiana zisigawanyike ovyo. Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walionyesha kwamba dutu itokanayo na mafuta ya krotoni, inayojulikana kwa kukuza uvimbe kwenye ngozi ya panya, hukata mawasiliano hayo katika seli zilizooteshwa maabara. DDT, kiuatilifu cha zamani, nayo hufanya hivyo maabarani. Seli iliyokwisha kuharibika jeni, ikikatiwa sauti za majirani, hukosa wa kuizuia. Huu ni mchango mmoja kati ya mingi, wala haumaanishi kwamba kila aliyegusa DDT ataugua. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani kwa binadamu.

Kuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha kama nimeathirika?

Inategemea kemikali. Risasi hupimwa kwenye damu, zebaki ya krimu hupimwa kwenye mkojo. Kwa oganofosfeti hupimwa nguvu ya kolinesterasi kwenye damu, na kwa kuwa watu hutofautiana kiasili, wapulizaji wa mashamba makubwa wanafaa kupimwa kabla ya msimu ili kipimo cha baadaye kiwe na cha kulinganishwa nacho. Kwa kemikali nyingi za plastiki kipimo hakimsaidii mgonjwa mmoja mmoja, kwani huingia na kutoka kila siku.

Vinywaji vya "kusafisha sumu" vinasaidia?

Havisaidii. Havigusi risasi iliyojificha kwenye mifupa wala daioksini iliyo kwenye mafuta, na vingine vina metali ndani yake.

Mama anayenyonyesha aache, ikiwa maziwa yake yanaweza kuwa na kemikali?

Kwa kawaida asiache. Mabaki ya DDT na ndugu zake hupatikana kwenye maziwa ya akina mama duniani kote, kwa sababu hukaa kwenye mafuta, na bado faida za kunyonyesha zimeonekana kuzidi madhara hayo. Aache mkorogo, asipulize dawa wala kufua nguo za mpulizaji, na anayepuliza abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Ikiwa mama mwenyewe amepata sumu ya ghafla, au anaishi jirani na mahali panapoyeyushwa betri au panapochomwa dhahabu kwa zebaki, apimwe kwanza, na uamuzi ufanywe pamoja na daktari.